Kikosi Kilichonitoa ku Geti

Amani kwenu, ba papa na ba maman wa shirika letu la sala. Muniache nisimame hapa karibu na mulango. Si kiburi. Nikikaa katikati ya watu wengi maneno yananipotea, na wakubwa wa shirika wameniomba nieleze vizuri. Na musinione na hii ekuteri ya telefone ku sikio mukafikiri ni dharau. Nitafika kwayo. Majina ya watu sitataja. Mwenye kujijua atajijua.

Munanifahamu, mimi ni fundi wa rangi. Kuta nyingi za hii avenyi zimepita mukononi mwangu. Zile siku za masasi ya bunduki sina haja ya kuzieleza, maana ninyi mulikuwa chini ya vitanda na mimi nilikuwa nje, natafuta makala, mkaa wa kupikia. Masasi yakaanza, tukajitupa mu mutaro, watu wengi, maji machafu mpaka ku kifua. Pembeni yangu alikuwa papa mumoja, hatukujuana. Tuliulizana polepole kama mvua itanyesha. Kulipotulia, sisi wengine tulisimama. Yeye hakusimama.

Nilifika ku nyumba, bibi yangu, mama ya batoto wangu, akafunga geti, na mimi sikutoka tena.

Mwanzo kila mutu aliona ni akili, maana wote mulijifungia. Lakini mji ukafunguka, masoko ikarudi, watoto wakarudi ku masomo, na mimi bado niko ndani. Nikishika komeo ya geti, jasho linatoka, nasikia harufu ya ule mutaro. Narudi, nakaa. Bibi yangu akaanza kukaanga mandazi ndiyo tule. Burashi zangu za rangi zilikauka zikawa ngumu kama miti ya kuni. Ndugu zangu, nawaambia, kuna uchovu wa mutu aliyelima, na kuna uchovu wa mutu aliyekaa. Huu wa pili usiombe ukupate.

Sasa nitasema kitu, na ba maman musicheke. Mu telefone yangu kulikuwa muchezo wa vita. Si wa kucheza peke yako. Unaungana na watu wa mbali, munasikiana sauti, munakuwa kikosi kimoja, na upande wa pili kuna kikosi cha watu wengine wa kweli. Munagombania kilima, ao daraja, ao kijiji kilichobomoka. Mutu akipigwa anaanguka, lakini hajafa bado. Kama mwenzake anamufikia haraka, anamuinua, wanaendelea. Najua munajiuliza: mutu aliyekimbia masasi, anafuata nini tena mu masasi? Hata bibi yangu aliniuliza. Najua tu kwamba kule, mutu wa pembeni akianguka, kuna kitu unaweza kufanya.

Walinifanya shefu wa kikosi juu ya hiyo, maana kila aliyeanguka nilimukimbilia. Tulikuwa wanne, watu wa kutembea na miguu, hatuna gari wala ndege. Kulikuwa Muganga, ndiye aliyebeba mufuko wa dawa, muuza vitenge wa Uvira. Huyo ni Mwislamu, na saa ya kuswali ikifika anasema: "Shefu, munifiche nyuma ya ukuta, nakuja." Tunazunguka mwili wake wa mu muchezo na bunduki mpaka amalize. Kulikuwa Macho, maman wa Kavumu, anauza mboga kando ya barabara, kazi yake kwetu ni kuona adui wa mbali. Na kulikuwa papa mumoja wa Mumosho tuliyemuita Haraka, maana alikimbia mbele kabla ya kuambiwa, na kila mara ni yeye tuliyemuokota wa kwanza. Sura zao sikuzijua. Sheria yangu ilikuwa moja: hatuachi mutu chini. Hata kama tutashindwa, turudi tumuinue. Sikuwaeleza sababu.

Na kuamuru, niliamuru kwa Lingala. Si munajua wenyewe? Kwetu hapa Kiswahili ni cha kuuza, cha kupika, cha kusali. Sauti ya kuamuru bunduki, tangu tukiwa watoto, tuliisikia kwa Lingala, mu kinywa cha maaskari, ba sodat. Basi nikishika kikosi, inatoka yenyewe: "Kende liboso! Beta masasi! Telema!" Ni kusema: songa mbele, piga risasi, simama.

Siku moja mchana ekuteri iliharibika. Nikaachilia sauti yote nje, dirisha wazi. Masasi ya telefone yanalia, na mimi juu yake naunguruma: "Beta! Beta!" Mu parsele nzima, nyumba zote za kiwanja chetu, watu walivuta nguo zao ku kamba, wakabeba watoto, wakalala chini mu kulwari, ile njia ya ndani ya nyumba, mbali na madirisha. Maman mumoja, naona anacheka pale, aliacha beseni lake la sambaza, wale samaki wadogo, mu njia akakimbia. Imbwa za avenyi zilikula vizuri siku ile. Kisha tukasikia mutu anagonga geti polepole, na sauti ya shefu wa avenyi: "Ba chef, tunaomba radhi. Hapa iko raia tu. Kama munataka maji, tutawaletea. Mupite tu na amani."

Bibi yangu akafungua. Papa shefu wa avenyi alikuwa amesimama na mikono yote juu, muzee wa watu. Bibi yangu akamwambia: "Papa, shusha mikono. Hakuna sodat hapa. Iko bwana yangu na telefone."

Wengine walicheka. Yeye hakucheka, na alikuwa na haki. Aliniambia ku dirisha: "Mutoto wangu, siku hizi mutu akisikia sodat wamejificha kwa nyumba fulani, haulizake mara mbili, anapiga. Utafanya watuue avenyi muzima." Bibi yangu naye, alipofunga geti, alilia kwa hasira. "Papa batoto, kucheza cheza. Lakini kama unawaongoza batu, uwaongoze sawa vile unakaribisha wageni ku chakula. Kama hauwezi, nitaivunja ile telefone na jiwe."

Nilimujua bibi yangu, angeivunja. Basi nikatafuta ekuteri nyingine, na kesho yake nikaanza kuamuru kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa sauti ya chini. "Ba ndugu, tunaomba tusogee mpaka ku ule ukuta. Hapo tu. Asante. Tupumue. Sasa Macho, angalia kushoto kidogo. Papa Haraka, karibu nyuma yangu." Muganga alicheka mpaka akakohoa. "Shefu, unatupeleka ku vita ao ku harusi?"

Lakini ikawa vizuri, hata sijui namna gani. Mutu ukimupigia kelele "mbele!", anakimbia na kufa. Ukimwambia "mpaka ku ukuta tu", anafika ku ukuta. Hata Haraka alianza kungoja. Hatukuwa washindi wakubwa, lakini mara nyingi tulimaliza wote tukiwa tumesimama, na mimi nikapata usingizi kidogo.

Geti, hapana. Geti ilibaki palepale.

Kisha mama yangu akagonjwa. Yeye iko mu muji wa Katana, tumbo ilimushika, wakamupeleka ku hospitali ya kule. Bibi yangu akaenda kumulinda. Waganga wakasema lazima apasuliwe, na haraka. Mama akakataa. Mimi ni mutoto wake mukubwa, na munajua wamama wetu wa kule: jambo la kufa na kupona halianzi kama mutoto mukubwa hajafika kushika mukono. Bibi yangu alinipigia, sauti imechoka. "Anasema haingii kwa kisu kama hajakuona. Nimemubembeleza, masista wamemubembeleza. Anageuza uso ku ukuta. Papa batoto, kuya, njoo. Mama yako anaisha."

Nilienda ku geti. Nilishika komeo. Ndugu zangu, nilikuwa napenda mama yangu, na bado mukono wangu haukuweza kusukuma chuma. Nilijaribu tena, nikatapika ku mulango. Nililia kwa haya. Nikarudi mu kiti, na kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya, nikafungua muchezo.

Wenzangu walikuwa tayari ndani, wananingoja. Niliingia mu nyumba moja iliyobomoka, nikaketi. Sikuamuru chochote. Adui anakuja, tunasikia nyayo zake, na mimi nimekaa. Macho akauliza: "Shefu, mbona tumekaa?" Akauliza tena, polepole, kama mutu anayeongea na mutoto wake. Njo nikawaambia yote. Mutaro, yule papa, geti, mama. Wakati naongea adui aliingia, akatuua wote, hakuna aliyejitetea.

Nikafikiri wametoka. Kisha Muganga akasema, "Shefu, sheria yetu ni gani?"

Nikaangalia geti kupitia dirisha.

"Sheria yetu ni gani, shefu?"

"Hatuachi mutu chini," nikasema.

"Sawa. Fungeni muchezo wote, tupigiane ya kawaida. Shefu, weka telefone mu mufuko, ekuteri ku sikio. Vaa viatu. Uniambie ukimaliza."

Nikavaa viatu.

"Tunaomba usogee mpaka ku mulango wa nyumba. Hapo tu. Umefika? Asante. Pumua." Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, jamani. Maneno yangu mwenyewe yakitoka mu kinywa cha mutu wa Uvira. "Sasa mpaka ku geti. Usishike kitu. Simama tu karibu yake, sawa vile karibu ya ukuta. Haraka, uko wapi?"

"Niko nyuma yake," Haraka akajibu kutoka Mumosho. "Shefu, mugongo wako niko nao. Leo sikimbii."

Sijui nilisimama pale muda gani. Hakuna aliyeniambia nisiogope. Hakuna aliyesema toka. Muganga alisema: "Leta mukono wako ku chuma. Uuache hapo. Baridi ao moto?" Nikasema baridi. "Sukuma kidogo, unionee njia." Nikasukuma. Nikaona njia. Kulikuwa maman wa sambaza, na kuku, na jua. Nikamwambia ninachoona, kitu kwa kitu, na kila kitu nilichotaja yeye alisema: "Basi tufike hapo."

Hivyo tulienda. Mpaka ku kuku. Mpaka ku nguzo. Ku ule mutaro nilifunga macho, na wote watatu wakahesabu nyayo zangu kwa sauti mpaka nikapita. Ku kituo cha mabasi nilitaka kurudi, na Macho akasema: "Shefu, ingia. Ukifika Kavumu utaona mutu unayemujua. Nitakuwa ku barabara upande wa kuume. Nitabeba kabeji juu." Na nawaambia, njia nzima nilikuwa nawaza kabeji tu. Si masasi, si baryeri za sodat ku barabara. Kabeji. Tulipofika Kavumu, dereva hakusimama, lakini nilimuona: maman munene, kitenge cha kijani, amesimama kati ya wauza mboga wenzake, kabeji juu ya kichwa kwa mikono miwili, wenzake wanamucheka. Nikalia mu basi mbele ya watu. Muzee wa pembeni akafikiri nimefiwa, akanipa leso.

Mama yangu nilimukuta mudogo sana mu kitanda. Akanishika uso. Nikamwambia twende. Akasema, "Mutoto wangu, naogopa." Njo nikasema: "Mama, usiangalie chumba. Ona ule mulango. Tunaomba tufike ku mulango tu." Wakasukuma kitanda, nikamushika mukono. Ku mulango nikasema: "Tumefika. Pumua. Sasa mpaka ku ile taa." Ku taa, musista akaniambia basi, hapa ni mwisho wako. Mama akaniachilia mukono yeye mwenyewe.

Amepona. Leo iko ku nyumba, anakula kuliko mimi na anamuamuru bibi yangu.

Namushukuru Mungu. Namushukuru bibi yangu aliyetishia jiwe na hakulitumia. Papa shefu wa avenyi, nakushukuru na nakuomba radhi kwa ile mikono juu. Nawashukuru wale watatu. Hawasali hapa, mumoja hata hasali kama sisi, na katika hao hakuna hata mumoja aliyewahi kunigusa mukono. Sisemi watoto wenu waende kucheza vita. Ule muchezo pia ulikula siku zangu nyingi. Nasema hivi tu: mu nyumba zenu kuna watu hawatoki, mumoja iko kitandani, mumoja iko mu pombe, mumoja anakaa tu. Musimwambie asiogope. Tayari anajua kwamba anaogopa, na anaona haya. Mumwambie mahali pa kuweka muguu mumoja, kisha mungoje naye hapo.

Mimi sijapona yote. Rangi napiga, lakini za nyumba za karibu. Hata kufika hapa leo, sikuja peke yangu. Walikuwa ku sikio, wote watatu, tangu geti mpaka hapa ku mulango. Walitaka kusikia na wao.

Lakini telefone imezima, betri imeisha. Imezima tangu nilipokuwa nawaeleza ile kabeji. Nimeendelea kuongea, nimewaangalia ninyi, na mulango uko hapa nyuma yangu, na sikukimbia.

Basi nimemaliza, ba ndugu. Kuja, wale wa mbali walinileta. Kurudi nitahitaji mutu wa karibu. Nani ananisindikiza? Si mbali. Mpaka ku nguzo kwanza.