Jaji Jaifar na Siku Aliyonyamaza

Marehemu kaka yangu, Jaifar bin Hamoud, tunayemsomea hitma leo, alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 14 Machi 1961. Tuliletwa Maskati mwaka 1973. Alisoma hapa, kisha akapata shahada ya sheria Cairo mwaka 1984. Alirudi na masanduku mawili ya vitabu na suruali moja, na mama alimsema kwa hilo mpaka alipooa.

Alimwoa Bi Sayyida mwaka 1988, wakajaaliwa Talal na Wijdan. Nyumbani kwao Al Khoudh kilisemwa Kiswahili tu. Kazini hakuthubutu, akichelea kuitwa Mzanzibari, mtu wa kuja.

Aliteuliwa jaji mwaka 1999. Mwaka 2012, jina lake likitajwa kwa ujaji wa Mahakama ya Rufaa, alisikiliza kesi ya Nanyonga, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Uganda aliyeshtakiwa kuiba bangili. Msichana alisema kwa Kiswahili, "Madam mwenyewe alinipa nivae harusini." Mkalimani aliliruka hilo. Kaka alilisikia, akanyamaza, akamfunga miezi mitatu.

Siku ile chakula cha mchana kilimshinda. Alimwambia mkewe, "Yule mtoto nimemfahamu kila neno, nikajitia sijui."

"Basi kaandike, Baba Talal," Bi Sayyida alimjibu. "Cheo kije kisije, mimi nnataka ule."

Aliwaandikia majaji wa Rufaa kila kitu. Rufaa ilimwachia Nanyonga baada ya siku kumi na tisa, na cheo akapewa mwengine. Kaka aliteuliwa Mahakama ya Rufaa mwaka 2016. Toka hapo, akimtilia shaka mkalimani, aliuliza mwenyewe kwa Kiswahili chetu cha Pemba, mbele ya watu wote. Nilimwonea fahari sana.

Figo zilimsumbua tangu 2022. Alifariki Alkhamisi, 9 Januari 2025, akazikwa alasiri ile ile. Wiki moja kabla aliniambia, "Afra, mkinisomea hitma msiniondoshee Nanyonga."

Nilimwambia watu watasema.

"Waache waseme. Yeye alikaa ndani siku kumi na tisa."

Jana Talal aliniomba niiruke sehemu hiyo, kwa heshima ya baba yake. Nnampenda Talal, lakini nimemwambia kuwa kunyamaza ndiko kulikomtesa baba yake, na mimi sitamnyamazia.

Ameacha mjane, Bi Sayyida, watoto wawili, wajukuu watano, na mimi dada yake. Mola amsamehe siku ile moja, amlaze pahala pema. Amin.