Vidole Vitatu vya Tindo

Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa tisini na saba, msimu wa mvua kubwa. Mvua ilikuwa imenyesha siku kumi na moja mfululizo. Katika msitu wa misonobari palikuwa na bonde lenye matope ya kufika kiunoni. Ndani ya bonde hilo, saa tano asubuhi, mwanamume mmoja alipoteza vidole vitatu vya mkono wake wa kulia. Saa saba mchana wa siku hiyo hiyo, mwanamume huyo huyo, kwa mkono wa kushoto, alimvunja shemeji yake taya.

Wasikilizaji wapendwa wa redio hii, mwanamume huyo tulimzika Jumanne iliyopita. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina la kuzaliwa. Aliitwa Tindo, kama ile patasi ya kukatia chuma, kwa sababu akigonga jambo, halikurudi lilivyokuwa.

Nataka tuanze kwa kuelewana. Jumamosi hii mbio za pikipiki nzito zinafanyika tena katika msitu ule ule. Kabla ya mbio kuanza, waendeshaji wote huzima injini. Mwenyekiti wa chama chao husoma majina ya wenzao waliokufa, kisha injini zote huwashwa kwa mkupuo mmoja, hata ndege huukimbia msitu. Jina la Tindo halimo katika orodha hiyo. Narudia: halimo. Tindo alifungiwa na chama asishiriki mbio maisha yake yote, na kanuni yao husema kwamba aliyefungiwa hasomwi. Kifungo hicho chaweza kuondolewa na mtu mmoja tu, naye ni yule aliyepigwa.

Mjane wake ameniambia hataki kitu kingine chochote. Hataki shada wala hotuba. Anataka jina la mumewe lisomwe.

Sikuja hapa kumpamba marehemu. Tindo alikuwa mtu wa ngumi. Alipigana shuleni, akapigana gereji, akapigana siku ya kupokea cheti cha ufundi, na cheti hicho hadi leo kina tone la damu lisilokuwa lake. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na ukutani, upande wa kushoto, mabati yalikuwa yamebonyea mahali pengi kama uso wenye ndui. Kila ubonyeo ulikuwa na sababu yake. Bintiye, ambaye hushona viti vya magari, alinionyesha mmoja mmoja. "Huu ni wa mteja aliyemwambia geti limepinda. Huu ni wa umeme kukatika. Huu, bibi, hata mwenyewe alikuwa hajui."

Nilimwuliza bintiye kama baba yake aliwahi kuwapiga nyumbani. Alisema hapana. Nilimwuliza tena, kwa sababu swali hili haliulizwi mara moja. Akanitazama usoni. "Bibi, baba alipiga vyuma ili asipige watu. Nyumbani alifika amechoka."

Mkewe alimpata kwa kazi. Alikuwa fundi cherehani, na mguu wa cherehani yake ulikuwa umevunjika. Tindo akauchomelea. Siku ya pili mwanamke akairudisha, akaibwaga mlangoni, akasema, "Fundi, hii ni cherehani au ni mbuzi anayechechemea?" Tindo akauvunja mguu ule mbele yake kwa nyundo, vipande vitatu, akautengeneza upya. Miezi mitano baadaye wakaoana.

Mwanamke huyo alikuwa na mdogo wake wa kiume, dereva wa trekta katika kiwanda cha mbao. Aliitwa Mluzi, kwa kuwa alipiga mluzi tangu asubuhi hadi kazi iishe. Tindo na Mluzi wakawa shemeji. Baadaye wakawa jozi.

Hapa, wasikilizaji wapendwa, lazima nieleze kidogo. Mbio zile huendeshwa na watu wawili wawili. Kila mmoja ana pikipiki yake, lakini hawahesabiwi kuwa wamefika mpaka wafike wote wawili. Sababu ni uzito. Pikipiki moja ina kilo mia mbili na ishirini, na matope hayana huruma nayo. Ikizama, mwendeshaji hawezi kuitoa peke yake. Mwenzake hushuka, huenda nyuma, huingiza mikono chini ya gurudumu, huinua. Mikono hiyo inakuwa karibu na mnyororo. Kwa hiyo wana sheria moja ambayo haikuandikwa popote na ambayo kila mmoja anaijua. Aliye nyuma akishaondoa mikono husema, "Nimetoka." Aliye mbele hujibu, "Naenda." Hapo ndipo anapoongeza mafuta, yaani anapozungusha mpini ili gurudumu lizunguke. Bila "nimetoka," mafuta hayaguswi. Hata jozi nyingine ipite, hata mvua ikung'oe macho, mafuta hayaguswi.

Shemeji hawa wawili walishinda mara tatu. Walioendesha dhidi yao wanakumbuka kwa maumivu. Tindo aliendesha kama mtu anayevunja mlango. Aligonga mashina, akagonga wenzake, akapita juu ya magogo huku injini ikilia kama mnyama aliyekanyagwa. Mwaka mmoja alimaliza mbio na ufito wa ukubwa wa kidole gumba umepenya paja lake. Muuguzi alipouchomoa, Tindo alimwambia, "Pole pole, mama, huo ni ushahidi."

Sasa turudi mwaka ule. Ilikuwa siku ya pili ya mbio. Tindo na Mluzi walikuwa wanaongoza. Katika lile bonde, pikipiki ya Mluzi ilizama hadi tangi la mafuta. Tindo akashuka, akaenda nyuma, akaingiza mikono.

Mnyororo ukamla vidole vitatu.

Ripoti ya waamuzi wa siku hiyo nimeisoma mwenyewe. Ni ukurasa mmoja. Inasema Tindo alikuwa ametangaza "nimetoka," kisha akarudisha mkono kwa pupa. Inasema maelezo hayo yalitolewa na mwenzake. Inasema pia kwamba, wakati maelezo hayo yakitolewa, Tindo aliinuka kutoka kwenye kiti cha muuguzi, mkono wa kulia ukiwa umefungwa kwa fulana iliyolowa damu. Alichukua spana ya magurudumu kwa mkono wa kushoto. Alimpiga Mluzi mara moja. Taya lilivunjika pande mbili na meno manne yakaanguka. Watu wanne walimshika Tindo, na wawili kati yao walipelekwa hospitali. Ripoti haikueleza kwa nini alipiga. Tindo aliulizwa, akasema neno moja: "Alinikera."

Alinikera. Wasikilizaji wapendwa, neno hilo ndilo alilosema kwa waamuzi, na ndilo alilosema kwa mwenyekiti aliyemfungia maisha. Ndilo alilosema pia kwa mkewe.

Wanaume hao wawili walilazwa wodi moja, vitanda vinavyopakana. Mjane anasimulia hivi: "Nilikuwa nalisha vinywa viwili kwa kijiko kimoja. Mmoja hana taya, mwingine hana mkono. Nikawaambia, kama kuna wa tatu anayetaka kuvunjika, avunjike sasa hivi, kabla chakula hakijapoa. Nikamwuliza mume wangu, kwa nini umempiga mdogo wangu? Akageukia ukuta. Akasema, alinikera. Miaka ishirini na saba, bibi. Nimeuliza kwa upole, nimeuliza kwa matusi, nimeuliza siku ya harusi ya binti yetu. Alinikera."

Mtu akipoteza vidole vitatu vya mkono wa kazi, hapewi vingine. Tindo alijifunza kuchomelea kwa mkono wa kushoto. Mwaka wa kwanza alijichoma kifua, paja na sikio. Mteja mmoja akamcheka, akamwita fundi nusu. Tindo akalichukua geti la mteja huyo, lililokuwa limekamilika, akalipiga kwa nyundo mpaka likawa kitu ambacho hakina jina. Kisha akalitengeneza tena kwa muda wa siku tisa. Geti hilo bado lipo. Nililipita jana. Halijapinda.

Mtaa mzima ulimjua kuwa ni mtu aliyemvunja shemeji yake taya bila sababu. Wazazi waliwatisha watoto kwa jina lake. Mluzi hakupiga mluzi tena, kwa kuwa taya liliunga vibaya. Watu walimhurumia Mluzi. Chama kikampa kazi ya usimamizi wa mbio.

Naye Tindo hakuacha kwenda msituni. Aliyefungiwa haruhusiwi kuvuka kamba inayozunguka njia ya mbio. Kwa hiyo kila mwaka alisimama nje ya kamba, amekunja mikono, na kuwatukana waendeshaji. "Wewe! Hiyo ni pikipiki au kitanda cha mgonjwa? Inuka kwenye tandiko!" Waendeshaji wengi wameniambia kwamba matusi hayo yaliwasaidia kuliko mafunzo.

Jumapili ya wiki iliyopita ilikuwa siku ya mazoezi. Mvua ilinyesha. Mwendeshaji mmoja, mwoka mikate, aliteleza kwenye mteremko akatumbukia katika handaki. Pikipiki ilimlalia mapajani. Injini ilikuwa bado inanguruma, na bomba la moshi lilikuwa linamchoma mguu. Harufu ile, walioisikia hawataisahau. Tindo alivuka kamba. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alishuka handakini, akaingia upande wa chini, kwa sababu mwenye mkono mmoja mzima huinua kwa bega. Akainua. Wote waliokuwapo walimsikia akipaza sauti: "Usiguse mafuta! Mpumbavu wewe, sijatoka, usiguse mafuta!"

Mwoka mikate aligusa mafuta.

Gurudumu la nyuma liling'ata udongo. Pikipiki iliinuka wima kama farasi, ikampiga Tindo kifuani kwa usukani, ikamwangukia. Mbavu zilivunjika zikaingia mapafuni. Alikufa kabla hajafikishwa barabarani. Mwoka mikate yu hai, nyonga imevunjika. Nilimtembelea kitandani. Alilia, nikamwacha alie, kisha nikamwuliza kama alisikia. Akasema, "Nilisikia, bibi. Masikio yalisikia vizuri. Mkono ndio haukusikia."

Msimamizi wa mteremko huo alikuwa Mluzi. Alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale. Naye alisikia.

Kwa mjane, kwa binti, na kwa wote walioketi katika nyumba ile yenye cherehani dirishani: poleni. Sisi tulio katika chumba hiki tunaomboleza pamoja nanyi, na Mwenyezi Mungu awape nguvu ya kuamka kesho na ya kuamka keshokutwa. Kwa mwoka mikate pia: pole, mwanangu. Nasi wengine, tuliomwita Tindo mkatili kwa miaka ishirini na saba, mimi nikiwa mmojawao, tutulie leo tujihoji. Kumpiga mtu kwa spana ni kosa, nami sitalifuta kwa sababu mpigaji amekufa. Lakini nani kati yetu aliwahi kuuliza kilichotokea kati ya saa tano na saa saba?

Leo asubuhi Mluzi alikuja hapa kituoni bila kuitwa. Aliomba nafasi ya kusema jambo moja. Nilimwambia, mwanangu, humu maneno hayatafunwi, na ukianza utamaliza. Ameketi mbele yangu. Taya lake humfanya aseme polepole, basi msikilizeni polepole.

Karibu, Mluzi.

"Asante, bibi. Mwenyekiti, mimi ndiye niliyepigwa. Kwa mdomo wangu huu alioupiga, nasema kifungo kiondoke. Msome jina lake Jumamosi. Mlisome la kwanza.

"Sasa nasema na dada yangu. Dada, najua unanisikia. Uliuliza kwa nini. Tulikuwa tunaongoza. Nikasikia injini za waliokuwa nyuma yetu zikishuka bondeni. Shemeji alikuwa bado na mikono chini ya gurudumu. Hakusema 'nimetoka.' Nikapiga resi, nikagusa mafuta. Nilisikia mnyororo ukikwama, nikadhani ni kijiti, nikaongeza. Nikaongeza, dada. Halafu nikawaambia waamuzi kwamba alisema.

"Ile siku wodini, ulipotoka kuosha bakuli, akaniinamia. Akaniambia, 'Shemeji, taya lako nimeshalichukua. Lakini dada yako sitamnyang'anya ndugu. Mimi nitanyamaza. Utakuja kusema wewe mwenyewe.' Nilingoja hasira zipoe, nikangoja watoto wakue, nikangoja azeeke. Jumapili nilimsikia akipiga kelele kule handakini, nikashindwa hata kukimbia kumsaidia.

"Vidole vya mumeo nilivila mimi, dada. Hukuolewa na mtu wa kupiga watu bure. Nikitoka hapa nakuja kwako. Ukitaka kunifungia mlango, nifungie, nitakaa hapo nje. Ila nilikuwa na neno lake moja, nimekaa nalo miaka yote hii, na leo namrudishia: hakusema 'nimetoka.' Hakusema."