Fundi wa Ng'ambo

Kwenye basi la asubuhi, fundi wa plasta mwenye mwiko mfukoni alikuwa akimlalamikia mama mshonaji aliyeketi naye. Mimi kiti cha nyuma nikatega sikio, maana umbea wa asubuhi hauna nauli.

“Hawa wageni wametuharibia soko, mama. Wanakubali nusu ya malipo, sasa bosi anawataka wao tu.”

“Pole, baba. Na wewe siku hizi unafanya kazi wapi?”

“Si hapo hapo kwa bosi! Nilimwambia nimetoka ng'ambo ya mpaka. Nikifika kazini nakivunja Kiswahili vipande vipande.”

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. “Kwa hiyo, hiyo nusu unaipokea wewe?”

“Nifanyeje, na watoto wanataka kula?”

“Na wenzako?”

“Wageni watupu. Nawakwepa, wasije wakanisemesha kwa lugha ya kwao nikaumbuka.”

“Nao wanakukwepa?”

Fundi akainuka kuelekea mlangoni. Basi likasimama mbele ya jengo lao. Getini mafundi wanne walikuwa wakitaniana kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa. Walipomwona anashuka, wote wakanyamaza ghafla.