Nereah Awino na Kioo Kilichobaki Tanurini

Nereah Awino alizaliwa tarehe 9 Mei 1974 huko Rangwe, Homa Bay, mtoto wa tatu wa Mzee Elkana na Mama Dorsila. Mama yake alikuwa akisema kwamba sufuria ikiwa jikoni, Nereah lazima aifunue, hata akiambiwa ni maji tu.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na kwao, akamaliza darasa la nane mwaka 1989.

Alifika Ukunda Januari 1996, akawa dobi katika hoteli moja ya Diani. Huko alimkuta Hesbon, fundi wa mabomba, ambaye kwa miezi minne alimsalimu kwa kichwa tu. Siku moja Nereah akamsimamisha penye kamba za nguo.

“Wewe Hesbon, hicho unachotaka kusema utakisema lini?”

Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1998. Mungu aliwajalia watoto wawili, Everline na Maxwell.

Mwaka 2009 Bi Mwanapili wa Kinondo, anayetengeneza sahani na mapambo kwa kuyeyusha vioo vya rangi, alitafuta mtu wa kuosha vioo bila kuacha alama ya kidole, maana alama hiyo ikipata moto haitoki tena. Nereah akaenda. Wiki ya kwanza alipanga vioo kwa rangi zake, na kimoja kilichopauka, chenye umanjano kidogo, akakiweka pamoja na vya manjano. Kesho yake kilitoka tanurini chekundu kama pilipili.

“Dada Mwanapili, nani amekibadilisha?”

“Moto, Mama Everline. Hicho ni chekundu tangu kiwandani, ila hakisemi mpaka kichomwe.”

Tangu siku hiyo hakuamini rangi kwa macho. Kila kioo kipya alikikata kipande, akakichoma, kisha akaning'iniza viwili pamoja dirishani, kibichi na kilichoiva. Dirisha la nyumbani Bongwe lilijaa. Hesbon alizoea kuulizwa kabla hajamaliza chai, “Hiki unadhani kitakuwaje?” Hakupatia hata mara moja.

Mwaka 2019 alinunua tanuri lake dogo la umeme, likakaa barazani. Baadaye kanisa letu likamwomba vioo kumi na viwili vya dirisha la mbele. Kumi na kimoja vilikamilika. Cha katikati, chekundu, kilipasuka mara mbili, na kosa lilikuwa lake: alishindwa kungoja tanuri lipoe, akafunua achungulie kama wekundu umekuja. Hewa baridi ikaingia, kioo kikalia ta!

“Mama Everline,” Bi Mwanapili akamwambia, “wewe utazikwa mkono ukiwa kwenye mfuniko.”

Nereah alicheka kuliko wote. Mahali pa kioo hicho pamezibwa na katoni mpaka leo.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, na baadaye figo zikadhoofika. Jumapili tarehe 10 Agosti 2025 alikata kioo hicho cha katikati mara ya tatu, akakiosha, akakilaza tanurini na kuwasha. Jumatatu asubuhi alizidiwa. Akitolewa mlangoni kupelekwa hospitali Msambweni, alimgeukia mumewe.

“Usifungue mpaka nirudi.”

“Hata kuchungulia?”

“Hasa kuchungulia.”

Alifariki Jumatano tarehe 13 Agosti, saa kumi na moja alfajiri.

Tanuri limepoa siku nyingi. Ndugu wameuliza, mchungaji ameuliza. Hesbon amelipangusa vumbi kila asubuhi, na mfuniko hajaugusa.

Nereah ameacha mume wake Hesbon, watoto wake Everline na Maxwell, mjukuu mmoja, dada wawili, na Bi Mwanapili, aliyemwita dada miaka kumi na sita.

Leo amerudi nyumbani. Wasifu huu ukimalizika kusomwa, na kabla hatujaenda kaburini, jeneza litawekwa barazani kando ya tanuri, na Hesbon atafunua. Kama ni chekundu, kama ni kizima, hakuna anayejua. Tusogee sote tuone.

Apumzike Nereah wetu, na Mungu amfunulie yote aliyokuwa na hamu ya kuyaona.