Ndege ya Fundi Saa na Tundu la Propela

Benchi letu liko nje ya duka la Fundi Saa, mimi nimwage kahawa na wateja wangu wa kila siku wamwage maneno. Juzi saa nane mchana Fundi Saa katoka na ndege yake ndogo ya injini ya mafuta, mabawa urefu wa mkono, na ole wako uiite ya kuchezea. Kaibana pembeni mwa benchi kwa jiriwa, kile chuma cha kubania vitu. Saa kumi anatakiwa uwanjani kwa chama chao cha warusha ndege. Ameshaangusha mbili, zote akisingizia mtetemo, na chama kimemwambia ya tatu ikianguka arudi kwenye saa zake, uanachama basi. Nyumbani nako mkewe kamhamishia sebuleni, maana ndege ilikuwa inalala katikati yao. Hilo kaniambia mkewe mwenyewe, liishie hapa hapa.

Akaiwasha. Vikombe vyangu vikaanza kutembea.

– Zima! Utanivunjia vyombo!

Akazima.

– Injini ina woga hiyo, akasema Rubani. Jina hilo kalipata kwa kupakia mizigo kwenye ndege. Kiti cha ndani hajawahi kukikalia.

– Woga wa nini?

– Wa kwenda juu. Hata zile kubwa hutetemeka kabla ya kuruka. Nimeziona.

– Umeziona kwa nje, akadakia Daktari. Huyu ni muuza nyama, udaktari wake ni koti jeupe. Akaendelea: anayetetemeka ana homa. Mafuta hayo yamelala, tumbo la injini limechafuka. Ipumzishwe.

– Ipumzishwe vipi na saa kumi hiyo inakuja? Fundi Saa akalalamika. Chini ya injini nimeshaweka mpira wa ndala, tabaka nne.

– Weka sita, akasema Rubani.

– Nilianza na mbili, Rubani, na bado inatetemeka!

Daktari akashusha kikombe, nikajua sasa tumekwisha.

– Sikilizeni. Dunia inazunguka huku, propela inazunguka kule. Hapo lazima zigombane. Geuzeni benchi.

Tukaligeuza. Naona haya kusema, lakini mguu mmoja niliubeba mimi. Fundi Saa akawasha tena. Safari hii hata meno yangu yaliyobaki yaligongana.

Ndipo akatokea binti anayetengeneza feni mtaa wa pili, mgeni kijiweni kwetu.

– Shikamoo bibi. Nani anasaga mawe huku?

– Marahaba mwanangu. Wataalamu hawa.

Akainama, akaishika propela, akaitikisa.

– Kaka, hili tundu la katikati nani kalipanua?

– Mimi. Lilikataa kuingia kwenye shafti, ule mhimili wa injini, nikalichonga kwa tupa.

– Kwa kipimo gani?

– Kwa jicho. Jicho hili linaona vumbi ndani ya saa ya mkononi, dada!

– Basi limechonga upande mmoja. Propela imekaa pembeni. Feni ukiifunga hivi, inang'oka na dari.

Rubani akakohoa. Daktari akakumbuka kufunga vifungo vya koti.

Binti akafungua nati, akaomba mkasi wangu, akakata ukanda mwembamba wa kopo la soda, akaupachika ndani ya tundu upande ule uliochongwa, akairudisha propela. Ikaingia kwa kubana. Akasimamisha njiti ya kiberiti karibu na ncha, akaizungusha propela taratibu. Ncha zote mbili zikaigusa njiti sawasawa.

– Washa.

Ikawaka, ikaimba kama cherehani iliyotoka kupakwa mafuta.

– Nilisema mimi, akadai Rubani. Imetolewa woga.

– Ilipumzika, akajibu Daktari.

– Leo watanijua! Fundi Saa akainyakua ndege, akashika njia ya uwanjani, wale wawili nyuma yake.

Binti akaketi, nikammiminia.

– Bibi, zile mbili za mwanzo nazo alizichonga tundu?

– Hapana. Zile zilitoka dukani na propela zake, zimefungwa kabisa.

– Sasa ziliangushwa na nini?

Mimi huyu, ninayejua hadi nani kalala sebuleni, hilo lilikuwa limenipita. Nikawapigia kelele Rubani na Daktari swali lile lile. Wakasimama katikati ya njia, wakatazamana, kisha wakamtazama Fundi Saa akikata kona na ndege yake kichwani.

Nikafunika birika, nikatafuta viatu vyangu. La uwanjani sikuwa tayari kuhadithiwa.