Bi Nani wa Ripoti za Kiingereza

Ijumaa hii, tarehe 30, Bi Nani wa chumba cha ripoti anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Magoti yamechoka, macho yamechoka, na tuseme ukweli, sisi nasi alituchosha.

Kazi yake ilikuwa kusahihisha ripoti za Kiingereza zinazotoka kiwandani kwetu, tunakotengeneza maboksi, kwenda makao makuu. Tahajia hakuihangaikia sana. Yeye alimtafuta mtenda: katika sentensi hii, nani kafanya? Ndiyo maana akabandikwa jina hilo. Dereva mmoja aliwahi kuandika "The gate hit the lorry," yaani geti ndilo lililogonga lori. Bi Nani akashuka ngazi, na magoti yake yale, kwenda kumuuliza geti lilikuwa linaelekea wapi. Uwanja mzima ulicheka, dereva akaandika upya.

Kisha ikaja siku ya fundi wa mashine ya kukatia. Vidole viwili vilikwenda. Kwa Kiswahili sote tulisema fundi kakatwa na mashine. Ripoti ikasema "The operator cut his fingers," kana kwamba fundi kajikata mwenyewe. Kosa la sarufi hamna hata moja, na kwa sentensi hiyo baba wa watoto wanne alikuwa anafukuzwa kazi kwa uzembe.

Bi Nani akamfuta fundi, akaiweka mashine mwanzoni: "The machine cut his fingers." Bado hakuridhika. Mashine ile ilikuwa na kinga ya chuma, na kinga haijifungui skrubu. Meneja akamsihi akubali basi "The guard was removed," kinga iliondolewa, yaishe, maana humo hamna mtu wa kulaumiwa. Wapi! Ripoti ilirudishwa mara tatu, na mara zote tatu akaandika kwamba msimamizi wa zamu ndiye aliyeondoa kinga.

Fundi hakufukuzwa, yupo mpaka leo. Msimamizi alihamishiwa stoo. Bi Nani naye akabaki kwenye kiti kilekile karibu na choo, miaka kumi na miwili, cheo hakikupanda hata ngazi moja.

Wasifu huu unaandikwa stoo. Nimeanza mara nne kuandika kwamba makosa yalifanyika, mara nne nimechana karatasi. Bi Nani, dada yangu, kinga niliiondoa mimi, ili tuwahi kumaliza oda. Wewe uliandika kilichotokea, nami nikakununia miaka yote hiyo, ukinisalimia siitikii. Nimechoka kununa.

Kwa niaba ya wenzangu wote, asante sana, nenda kapumzike, afya iwe njema na siku ziwe nyingi. Kwa niaba yangu mwenyewe, nisamehe.