Ukuta Mwisho wa Njia ya Kurukia

Wasikilizaji wapendwa, leo nina hasira. Mtanivumilia. Tunamkumbuka daktari wa meno aliyekuwa akirusha ndege yake ndogo kila Jumamosi. Klabuni kwao walimwita Turudi.

Wingu likikaa vibaya, anarudi. Injini ikikohoa, anarudi. Siku moja alimrudisha shemeji yake katikati ya safari, suti imenyooshwa, harusi inangoja. Shemeji mtu alinuna wiki nzima. Marubani wenzake wakamcheka: mwoga huyo! Naye akicheka nao, anakoroga chai. "Kwa mwoga huenda kicheko," aliwajibu, "kwa shujaa huenda kilio."

Sasa sikilizeni vizuri. Mwisho wa njia ya kurukia palikuwa na kiwanja kitupu, nyasi tu. Kila rubani pale alijua kazi ya nyasi zile. Injini ikizima ndiyo kwanza umeruka, usigeuke. Ndege ikiwa chini vile, ukiikunja kona inaanguka. Shuka mbele yako, kwenye nyasi. Narudia: mbele yako.

Wenye uwanja wakajenga ghala pale. Wakazungushia ukuta. Turudi akaenda ofisini kwao, akawaeleza kwa adabu. Wakamwambia, "Daktari, wewe ng'oa meno." Akaenda tena. Wakamwacha kwenye benchi mpaka mfagizi akamwomba ainue miguu.

Jumamosi ile alipanda na mkewe. Magurudumu yameacha ardhi tu, injini ikazima.

Mkewe anasimulia: "Nikapiga kelele, baba watoto, turudi! Akasema, 'Leo haturudi, mama. Inama, ficha uso.' Akafunga mafuta. Tukagusa chini, tukaburuzika. Ukuta ulipokaribia, akakanyaga pedali ya upande mmoja, ndege ikageuza ubavu. Ubavu wake yeye, siyo wangu."

Mama yu hai. Amevunjika mguu. Turudi hatunaye.

Na wenye uwanja wametoa taarifa. Eti rubani alikosea, angegeuka arudi uwanjani! Jamani! Waliomzibia njia ndio wanaomfundisha njia? Angegeuka, leo tungezika wawili. Mama aliisikia taarifa hiyo wodini, akatupa kikombe cha uji ukutani. Nesi alifuta, akamletea kingine.

Poleni watoto. Pole shemeji, nasikia umelia kuliko wote. Poleni wanaklabu. Nasi tuliobaki, tujiulize: kazini kwetu, ni nani tunayemcheka kwa sababu ni mwangalifu? Ni nani tumemweka kwenye benchi?

Nilipomtembelea mama kumpa pole, alinishika mkono. "Pole zimenitosha, mwanangu. Watu wanapita hapa wakinong'ona kwamba mume wangu nusura aniue. Wewe una redio. Wakatalie."

Mama, najua unasikiliza, na nesi amekuongezea sauti. Mume wako hakukosea. Narudia, wasikilizaji wapendwa, na wenye uwanja wasikie: hakukosea.